Bledi ya bendi so: ya kunoa na ya kutupa

Nanoa bledi za bendi so, yaani msumeno wa ukanda unaozunguka kwenye puli mbili, hapa Muheza mkoani Tanga, kando ya barabara inayopanda Amani, na uani nina mashine yangu ndogo ya kupasulia mbao. Kwa hiyo hela ya kunoa naipokea na hela ya bledi mpya naitoa. Zote mbili nazijua uzito wake. Wateja wangu wana mashine kama yangu: injini moja, puli mbili, bledi ya upana wa milimita 32 au 38, vijana wawili watatu. Wanapasua mitiki ya msitu wa Longuza wakiipata, paini inayoshuka kutoka Shume huko Lushoto, na siku nyingi zaidi miembe, mifenesi na minazi ya mashambani.

Wakija huja na hesabu moja: bledi mpya bei gani, kunoa bei gani. Kunoa ni nafuu, basi noa. Hesabu hiyo ina pengo, kwa sababu mbao hazimo ndani yake.

Chukua mfano huu. Unataka mbao ya inchi moja, unaipasua milimita 27 ili ikikauka isipungue. Bledi yenyewe inakula kama milimita 2, kwa hiyo kila mbao inachukua milimita 29 za gogo. Sasa bledi imechoka, inacheza, mbao inatoka na mawimbi. Utalazimika kupasua milimita 31 ili randa ipate pa kusawazisha, na kila mbao itachukua 33. Gogo lililochongwa likabaki na kimo cha milimita 232 lilikuwa linakupa mbao 8. Leo linakupa 7. Mbao moja katika nane imegeuka vumbi. Kama ni mtiki, mti ule ulisimama ardhini miaka mingi kuliko umri wa kijana anayeusukumia bledi, na umeulipia kwa hela nzito. Hapo ndipo fedha inapovuja, na mteja haioni kwa sababu hakuna anayemtolea risiti ya vumbi.

Hesabu ya pili ni ya bledi yenyewe. Weka bei za kwako. Mimi natumia hizi kwa mfano tu. Tuseme bledi mpya ni shilingi 100,000 na kunoa ni 10,000. Ukiinoa mara 5, umepata makali 6 kwa shilingi 150,000, yaani 25,000 kwa kila makali. Ukinunua mpya kila inapobutuka, kila makali ni 100,000. Anayetupa bledi nzima kwa sababu imebutuka anatupa mali. Lakini endelea na hesabu. Ukilazimisha kuinoa mara ya 6 wakati imeshachoka, makali 7 yamekugharimu 160,000, kama 22,900 kila moja. Umeokoa shilingi elfu mbili na kidogo kwa kila makali. Mbao moja tu ya mtiki ikitoka imepinda, akiba hiyo imekwisha na deni limeanza.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: bledi nzima inolewe mapema, kabla haijawa butu kabisa, na bledi iliyochoka itolewe mapema, kabla haijala gogo. Watu wengi hufanya kinyume mara zote mbili. Wanachelewa kunoa, halafu wanachelewa kutupa.

Dalili za kuitoa mashineni

Usingoje bledi igome. Bledi inayopata inaingia kwenye gogo kwa mkono mwepesi, injini haibadilishi sauti, na vumbi lake linatoka kwa chembe, ukilifinya kiganjani unazihisi. Ikianza kuchoka, vumbi huwa unga laini, na kwenye mti mgumu rangi yake huingia weusi. Kijana anaanza kusukuma kwa kifua. Injini inaguna. Ukiigusa mbao iliyotoka sasa hivi, ina joto.

Itazame pia mbao yenyewe. Vumbi likiwa limegandamana juu ya mbao, limeshikana na lina moto, meno hayana seti ya kutosha, yaani hayajapinda vya kutosha kushoto na kulia kuipa bledi nafasi ya kupita. Vumbi likibaki juu jepesi, limelegea, na alama za meno zinaonekana kama mikwaruzo, seti imezidi. Na mawimbi, mbao inapopanda na kushuka katikati, ni dalili kwamba umeshachelewa. Pale bledi ilipaswa kuwa imeshatoka.

Mimi kwenye miti ya kawaida natoa bledi baada ya saa moja hadi mbili za kupasua, hata kama kijana anasema bado. Sababu yake ni hii: ncha ya jino iliyobutuka kidogo inahitaji kuondolewa chuma kidogo sana ili irudi. Iliyobutuka sana imekuwa mviringo, na ili uufikie upya wake lazima ule chuma kingi. Bledi ile ile inayonolewa mapema inanoleka mara nyingi zaidi. Tena bledi butu inavutwa kwa nguvu, inapata moto, na moto na mvuto ndivyo vinavyoleta nyufa.

Kabla ya kuilaumu bledi, angalia mashine kwa haraka. Roda za kuongozea bledi ziwe zinazunguka na hazijaliwa upande mmoja. Mgongo wa bledi usikae umegusa ukingo wa roda. Acha nafasi ya milimita mbili tatu. Mkanda wa raba kwenye puli usiwe umekwisha hadi bledi inagusa chuma. Mkazo uwe ule unaotakiwa na mashine yako. Nimeletewa bledi nzuri kabisa ikalalamikiwa kwamba haikati sawa, kumbe roda imekufa beringi. Bledi kama hiyo hata ukiinoa kila asubuhi itapinda tu.

Kuikagua

Mteja mmoja alinikabidhi bledi akaniuliza, "Fundi, niambie kweli, hii inafaa au niitupe?" Nikamwambia, "Ilete hapa mwangani, mdogo wangu, tuiulize yenyewe." Kukagua ndiyo kazi, na hairukwi hata kama bledi ni ya jana.

Vaa glavu ngumu na miwani. Bledi iliyokunjwa ikifunguka ghafla inaweza kukuchana uso, kwa hiyo ifungulie uwanjani, watoto wakiwa mbali. Ioshe kwa dizeli na brashi hadi utomvu wote utoke, maana utomvu mkavu huficha mambo. Paini na mfenesi ndio wachafuaji wakubwa.

Halafu tafuta nyufa. Hapa nakaa muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote. Bledi ya mita 4 ikikimbia mita 25 kwa sekunde inazunguka zaidi ya mara 6 kila sekunde, na kila mzunguko inapinda mara mbili, mara moja kwenye kila puli. Kwa saa moja hiyo ni kama mara 45,000 za kupinda na kunyooka. Chuma chochote kina mwisho wa uvumilivu, na uvumilivu huo huisha kwanza kwenye kitako cha bonde kati ya jino na jino, ambako mikwaruzo ya jiwe la kunolea huacha mahali pa kuanzia.

Ufa mchanga hauonekani kwa macho matupu. Njia yangu ni ya zamani na haina gharama: ipake bledi dizeli, iache kidogo ipenye, ifute kwa kitambaa kikavu hadi isiwe na unyevu, kisha pakaza mabondeni chokaa ya ukutani, kavu, iliyochekechwa. Subiri. Palipo na ufa, dizeli iliyojificha inatoka na kuchora mstari mweusi juu ya weupe wa chokaa. Tumia tochi ya simu, na kioo cha kukuzia kama unacho. Angalia pia kiungo, pale bledi ilipochomelewa. Kikiwa na mstari au kimevimba, kiwekee alama.

Ufa mdogo ambao bado uko juu juu ya bonde, na jiwe lako linanoa bonde zima, unaweza kuusaga ukaisha. Baada ya kusaga rudia chokaa. Mstari ukionekana tena, bledi hiyo hairudi mashineni tena. Hapo sina mjadala na mtu, kwa sababu bledi inayokatika mwendoni inaruka, na anayekaa karibu nayo ni mtoto wa mtu. Na kama mashine inafanya kazi ukasikia mlio wa kugonga, tik, tik, tik, kwa mpigo usiobadilika, zima palepale. Mara nyingi ule ni ufa unaopita kwenye roda.

Baada ya nyufa, meno. Geuza bledi mwangani ukiangalia ncha: ncha kali haiakisi mwanga, ncha butu inang'aa kama nukta nyeupe. Hesabu yaliyovunjika. Jino moja hapa na moja kule si tatizo. Matatu mfululizo yakikosekana, jino linalofuata linabeba mzigo wa wenzake na litavunjika pia. Mimi bledi hiyo naitoa kwenye kazi nzuri. Na usifanye kosa la kusaga meno yote yashuke hadi yafikie yale yaliyovunjika. Utakuwa umekula maisha ya bledi nzima kwa ajili ya meno mawili.

Mwisho pima upana wa bledi kwa kalipa, kile kipimo cha taya mbili, ulinganishe na ulivyokuwa mpya. Bledi nyingi za chuma cha kawaida zimekomazwa kwenye ncha tu, ili mwili ubaki laini wa kupinda. Ukishasaga ukavuka sehemu iliyokomazwa, utaiona tabia imebadilika: unanoa vizuri, inakata vizuri kwa dakika chache, halafu imebutuka tena. Ikifika hapo hakuna fundi atakayeirudisha.

Seti kwanza, makali baadaye

Kila unaponoa, ncha inashuka, na ncha ndiyo iliyopindishwa. Kwa hiyo kila kunoa kunapunguza seti. Wanaonoa bila kurudisha seti wanashangaa kwa nini bledi kali inaungua kwenye gogo.

Mpangilio wa kawaida ni jino moja kushoto, moja kulia, moja limesimama. Kwa bledi hizi ndogo, kila jino lipinde kama milimita 0.45 hadi 0.6 upande wake. Mti mgumu uliokauka, seti ndogo. Mti laini wenye maji, seti kubwa kidogo. Kama huna kipimo maalumu, egemeza rula ya chuma juu ya ncha za meno mawili yaliyopindia upande mmoja, kisha ingiza fila geji kati ya rula na jino lililosimama. Ndiyo ile fila geji ya fundi wa pikipiki ya kupimia valvu. Pima sehemu kadhaa za bledi, si moja.

Pande zote mbili ziwe sawa, hili ni kubwa kuliko namba yenyewe. Bledi huelekea kule ambako seti ni kubwa au meno ni makali zaidi. Ndiyo maana bledi iliyogonga msumari kwa upande mmoja inaanza kupanda au kuzama hata kama kwa macho inaonekana kali. Pinda sehemu ya juu ya jino tu, theluthi ya juu hivi. Ukipinda kutoka kwenye shina unalitia jino ufa.

Mimi natia seti kwanza ndipo nanoa, kwa sababu kile kifaa cha kupindia kinagusa ncha, na jiwe likija baadaye linaiacha safi.

Kunoa kwenyewe: tumia mashine ya kunolea inayoshika bledi na kuisogeza jino kwa jino. Bledi ya mita 4 yenye nafasi ya milimita 22 kati ya meno ina meno kama 180, na mkono wa binadamu wenye grainda ya kawaida hauwezi kuyafanya 180 yafanane. Jino moja likiwa refu kuliko mengine linafanya kazi ya wote. Ninawaomba wenye mashine wasiwape vijana grainda ya kukatia vyuma wanoe bledi. Pembe inaharibika na chuma kinaungua.

Jiwe lifuate umbo lote: uso wa jino, bonde, na mgongo. Wapo wanaogusa uso wa jino peke yake kwa haraka. Bledi itakata, ndiyo, lakini mabonde yamebaki na mikwaruzo na nyufa changa zile zile, na bonde linazidi kuwa fupi hadi vumbi halina pa kukaa. Kusaga bonde zima kunaondoa ngozi ile ya chuma iliyochoka. Kazi yake ni kubwa kuliko kuleta makali.

Pembe ya uso wa jino iache kama kiwanda kilivyoiweka, isipokuwa una sababu. Digrii 10 inafaa kwa kazi mchanganyiko. Kwa miti migumu watu hushuka hadi 7 au 4, jino likasimama zaidi na lisiunase mti sana.

Saga kidogo kidogo. Mara mbili kwa wepesi ni bora kuliko mara moja kwa nguvu. Tia alama ya chaki kwenye jino la kuanzia ili ujue mzunguko umekamilika, na angalia linapopita kwenye kiungo, maana pale bledi inaweza kuwa nene kidogo na jiwe likala zaidi. Ukiona ncha imegeuka bluu, umeichoma. Ugumu umetoka, na jino hilo litabutuka kabla ya wenzake. Mashine zenye jiwe linalomwagiwa mafuta hazina shida hiyo na zinaacha bonde laini. Kama jiwe lako ni kavu, lisafishe mara kwa mara ili lisizibe, na usiwe na haraka.

Ukimaliza, futa unga wote wa chuma, na rudia kuangalia mwangani. Ncha ikiwa bado inang'aa mahali, pitisha tena.

Zipi nazikataa

Bledi ninayoirudisha kwa mwenyewe bila kuinoa ni ile yenye nyufa zaidi ya sehemu moja mabondeni, ile iliyopungua upana hadi ncha ngumu imekwisha, ile iliyopinda mwilini isiyolala bapa ukiiweka sakafuni, na ile yenye kutu iliyochimba vishimo. Hiyo ya mwisho watu hubisha nayo sana. Kutu ya juu inafutika. Kishimo ni mwanzo wa ufa.

Kuhusu kuunga: bledi ikikatika pale kwenye kiungo cha zamani, mwili ukiwa mzima, inafaa kuchomelewa upya. Ikikatika kutokana na ufa wa bonde, ujue mabonde mengine yana umri ule ule, na utaunga leo ikatike kwingine kesho. Na kuunga kwenyewe kunataka mashine ya kuunganisha ncha kwa ncha kwa umeme, kisha kiungo kipashwe moto polepole na kupoa polepole, la sivyo kinabaki kigumu na kinavunjika kikifika kwenye puli. Mchomeleaji wa mageti pale Ngamiani, Tanga mjini, ni fundi wa mageti, usimtwishe kazi hii. Kumbuka pia kila kuunga kunaifupisha bledi, na skrubu ya mkazo ya mashine yako ina mwisho.

Bledi iliyo katikati, bado nzima lakini imeshanolewa sana, naitengea kazi yake. Ndiyo inayofungua magogo ya miembe ya majumbani. Mwembe wa uani umepigiwa misumari ya kamba ya nguo, ya kibao cha duka, ya bembea ya watoto, na mti umeimeza yote. Pitisha kigundua chuma kama unacho. Kama huna, tafuta madoa meusi yenye rangi ya bluu kwenye kichwa cha gogo, hiyo ni alama ya chuma kilichokaa ndani. Usiipeleke bledi mpya kwenye mwembe wa uani.

Mnazi una hesabu yake. Nje ni mgumu mno, ndani ni laini, na una chembe za silika, madini yale yale ya mchanga, zinazokula makali haraka. Mtiki nao una silika, japo kwa kiasi chake. Kwa miti hii tarajia kutoa bledi mapema kuliko kwenye paini, na ulipishe mteja wa minazi kwa kadiri hiyo. Zipo bledi ambazo ukanda wa meno ni chuma kigumu zaidi kilichoungwa kwenye mwili laini. Zinadumu vizuri kwenye mitiki safi ya shambani, na bei yake iko juu. Ukizitia kwenye mwembe wenye misumari umezitupa.

Masika, magogo yanayoburutwa huja na udongo mwekundu ndani ya maganda. Udongo huo ni adui mkubwa wa makali kuliko ugumu wa mti wowote wa huku kwetu. Menya ganda kwa panga pale bledi itakapoingilia, au sugua kwa brashi ya waya na maji. Dakika chache za kijana mwenye panga zinakuongezea makali ya muda mrefu, na hazina gharama nyingine.

Chumvi ya Tanga

Walioko bara hawalijui sana tatizo hili. Wateja wangu wa Pongwe, Tanga mjini na kuelekea Pangani huleta bledi zenye kutu kuliko wa Korogwe. Upepo wa bahari una chumvi, na visima vingi karibu na pwani maji yake yana chumvi pia. Ukiyaweka hayo kwenye tangi la kumwagia bledi, unaipaka kutu siku nzima. Tumia maji ya bomba au ya mvua, na utie sabuni ya vyombo kidogo, inasaidia utomvu usishike. Kwenye paini yenye utomvu mwingi wengine huongeza dizeli. Inafanya kazi, lakini kidogo tu, kwa sababu dizeli inakula mikanda ya raba kwenye puli.

Kazi ikiisha, funga maji, acha bledi izunguke kidogo ikauke, kisha legeza mkazo. Usilale na bledi imekazwa. Ilikuwa na moto, ikipoa inajivuta na kufupika, mkazo unapanda wakati mashine imesimama, na usiku kucha imepindika pale pale kwenye puli. Bledi unayoiweka akiba ipake mafuta hafifu, ikunje mizunguko mitatu, itundike ukutani mbali na sakafu ya udongo.

Kila bledi yangu ina namba, nimeiandika kwa rangi karibu na kiungo, na daftari lina ukurasa wa namba hiyo: siku iliponunuliwa, upana wake, kila iliponolewa, ilipasua mti gani, kilichoipata. Kwa daftari hilo swali la kunoa au kununua linajibiwa bila ugomvi. Ukiona makali ya mwisho yamedumu nusu ya yale ya kabla yake, kwenye mti ule ule, usiinoe tena.

Ukienda kununua, usiseme tu "nipe ya bendi so". Taja urefu, ukiupima kwenye bledi iliyokuwa ikifunga vizuri, upana, unene, nafasi kati ya meno, na pembe. Unene usiupandishe kwa kudhani nene ni imara. Kwenye puli ndogo za kipenyo cha milimita 480 hivi, bledi nene inateseka zaidi ikipinda, na inakatika mapema kuliko nyembamba. Milimita 0.9 hadi 1.1 inatosha kwa injini zetu. Nunua kadhaa kwa pamoja uzizungushe, moja mashineni, nyingine zinangoja kunolewa, ili kijana asishawishike kumalizia gogo kwa bledi iliyobutuka kwa sababu hakuna nyingine.

Bledi mpya, na iliyotoka kunolewa, iingize kwenye gogo taratibu kwa mipasuo ya kwanza miwili mitatu. Ncha mpya zina nyuzi ndogo za chuma zinazohitaji kutoka kwa upole. Iliyokufa kabisa ikate vipande vifupi kabla ya kuiweka kwenye chuma chakavu, ili asije mtu akaiokota na kuiuza tena kama inafaa, wala isimfungukie mwokotaji mkononi.